Mkanda Ndio Unaobeba: Maswali na Majibu Kuhusu Sidiria

Ninafanya kazi ya kupima wanawake na kuwachagulia sidiria katika chumba cha nyuma cha duka dogo hapa Mwanza. Mimi si daktari, na pale jambo linapokuwa la daktari nitasema. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa mara nyingi zaidi.

Nimevaa namba 38 tangu nilipojifungua mtoto wa pili. Kwa nini kamba zinanikata mabega kila jioni?

Kwa sababu kamba zimeachiwa kazi isiyo yao. Sehemu kubwa ya uzito wa matiti hupaswa kubebwa na mkanda unaozunguka kifua. Kamba za mabegani ni za kushikilia vikombe visiporomoke tu. Mkanda ukiwa mrefu kuliko mzunguko wa mwili, hupanda mgongoni, na kadiri unavyopanda nyuma ndivyo matiti yanavyoshuka mbele, hata mwenyewe akalazimika kufupisha kamba ili ayainue. Kuanzia hapo mzigo wote unahamia mabegani. Akina mama wanaouza dagaa pale Mwaloni Kirumba, ambao huinama na kuinuka tangu alfajiri, hunionyesha mifereji iliyochimbika mabegani huku wakiilaumu kazi, ilhali mara nyingi wa kulaumiwa ni mkanda.

Kosa lenyewe huanzia sokoni. Vikombe vikibana, muuzaji humpa mteja namba ya juu zaidi, maana sidiria hutajwa kwa namba tu na herufi yake husahauliwa. Namba ni ya mkanda. Herufi ni ya kikombe, tena herufi haina maana ikitengwa na namba yake. Vikombe vya 38B, 36C na 34D vina ujazo ule ule, na kinachotofautiana ni urefu wa mkanda. Kwa hiyo mama ambaye 38B yake inampanda mgongoni, ingawa vikombe vinamtosha, huenda anahitaji 34D. Nikilisema hilo, jibu huwa karibu moja kwa wote: "D? Mimi sina matiti makubwa kiasi hicho!" Basi simbishii, ninampa aivae kwanza.

Je, ninaweza kujipima mwenyewe nyumbani?

Unaweza, ukiwa na futi ya fundi cherehani na kioo. Simama wima, toa pumzi, kisha zungusha futi chini kabisa ya matiti, ikae sawasawa mbele na nyuma na ibane bila kuumiza. Tuseme umepata inchi 33. Kwa kuwa mikanda ya namba hizi hutengenezwa kwa namba shufwa, chukua 34. Sasa pitisha futi mahali matiti yalipojaa zaidi, safari hii bila kukaza, na tuseme umepata 38. Tofauti ya 34 na 38 ni 4, na hesabu yake ni nyepesi: inchi 1 ni A, inchi 2 ni B, inchi 3 ni C, inchi 4 ni D. Wewe ni 34D.

Hata hivyo, futi inafungua mazungumzo tu, kwa sababu viwanda havishoni kwa kipimo kimoja na matiti hayana umbo moja. Sidiria mpya ifunge kwenye kulabu za nje kabisa, kwa kuwa mpira wa mkanda hulegea kadiri siku zinavyokwenda, na ukilegea utakuwa na kulabu za ndani za kuhamia. Ukishaifunga, inama kidogo, ingiza mkono ndani ya kikombe na uisogeze mbele nyama ya titi iliyobaki upande wa kwapa, kwani watu wengi huiacha huko nje wakidhani ni mafuta ya ubavuni. Kisha inua mikono kama unayeanika nguo kwenye kamba. Mkanda ukibaki mahali pake, vidole viwili vikipita chini yake mgongoni, kipande cha katikati kikalala juu ya mfupa wa kifua na waya usikalie titi popote, umepata. Nyama ikimwagika juu, kikombe ni kidogo. Kitambaa kikikunjamana, ama ni kikubwa ama umbo lake si lako. Kama titi moja ni kubwa kuliko jingine, jambo ambalo ni la kawaida kabisa, fuata lile kubwa na ufupishe kamba ya upande wa pili.

Anayeona haya kupimwa asiogope: mlango hufungwa, mteja hubaki na fulana nyepesi, nami simgusi kabla hajaniruhusu. Mama akimleta binti yake aliyeanza kuota matiti, swali namwelekeza binti, ingawa anayejibu karibu kila mara ni mama.

Lebo nyingine zimeandikwa 75 au 90. Ni za watu wanene?

Hapana. Mkanda wa 34 wa Uingereza na Marekani ndio 75 wa Ujerumani, ndio 90 wa Ufaransa, na ndio 3 wa Italia. Herufi nazo huachana baada ya D: Waingereza huandika DD pale ambapo Wajerumani huandika E.

Na sidiria za mitumba?

Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, limekataza nguo za ndani za mitumba, sidiria zikiwamo. Ninajua kuwa bado zinauzwa na ninajua bei ndiyo inayowavuta watu, lakini mbali na suala la usafi, mpira wake umekwisha kuchoka katika mwili wa mtu mwingine, kwa hiyo unanunua mkanda ambao kazi yake imekwisha.

Ni kweli kwamba sidiria yenye waya huleta saratani ya matiti?

Si kweli. Utafiti uliofanyika eneo la Seattle, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2014, ukiwa na wanawake zaidi ya 1,500 wa umri wa miaka 55 hadi 74, haukuona uhusiano wowote kati ya saratani hiyo na uvaaji wa sidiria, iwe na waya au isiwe nao, ivaliwe saa chache au nyingi.

Ninachoomba ni kwamba hofu hiyo ihamie mahali panapostahili. Ukihisi uvimbe titini au kwapani, ukiona ngozi imebonyea au imekuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyogeuka ndani hivi karibuni, au damu inayotoka kwenye chuchu, nenda ukapimwe. Uvimbe mwingi wa matiti si saratani, lakini anayeweza kukuambia hivyo ni daktari. Anzia kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Sekou Toure. Ikihitajika, utapewa rufaa ya kwenda Bugando, ambako kuna huduma za saratani. Mara kadhaa nimeiweka futi chini na kumwambia mteja kwamba leo hatununui sidiria.

Kwa nini ninapata upele na muwasho chini ya matiti?

Joto na jasho lililonaswa kati ya ngozi mbili huwapa fangasi makao mazuri, na sidiria iliyolegea inayoacha titi lilale juu ya kifua huongeza tatizo. Kipo pia chanzo tusichopenda kukitaja: kwa kuwa tumelelewa kuficha nguo za ndani, wengi huzianika chumbani, nyuma ya mlango au chini ya nguo nyingine, kisha huzivaa zikiwa na unyevu. Zianike nje penye hewa, na kama majirani wanakusumbua zitandikie khanga nyepesi juu. Kausha ngozi vizuri baada ya kuoga na upendelee pamba. Upele ukidumu, ukichubuka au ukitoa harufu, tafuta matibabu.

Ninanyonyesha. Nivae ipi?

Ya pamba, inayofunguka mbele, isiyobana popote. Kipimo cha wiki za kwanza kitabadilika, kwa hiyo usinunue nyingi kwa pamoja. Sidiria inayokandamiza inaweza kuzuia maziwa yasitoke vizuri. Titi likiwa jekundu, likauma na homa ikapanda, nenda kliniki, na uendelee kunyonyesha isipokuwa mhudumu akueleze vinginevyo.

Je, kuweka pesa na simu ndani ya sidiria kuna madhara?

Noti chache hazina neno. Simu ndiyo inayosukuma kikombe, inanasa jasho na kuuvuta mkanda upande mmoja. Mteja wangu mmoja, muuza nyanya, alirudi akilalamika kwamba sidiria mpya imelegea kushoto tu. Alipoanza kunieleza, kifua chake kikaita. Tulimshonea mfuko kwenye shimizi.