Mati si maiti

Juzi nimelisikia tena, hapa Ujiji, kwenye kijiwe cha kahawa ambacho miaka yote kilikuwa cha bao na drafti hadi vijana walipoleta sataranji, yaani chesi. Mmoja alimbana mwenzake, akamnyanyua mfalme wa yule bwana, akamgongesha mezani: "Nimekula kingi!" Mzee mmoja aliyekuwa akitazama akaongezea kwamba ndiyo maana yake, mati ni maiti, mfalme kafa. Wote wakaafiki. Neno likanikaa kooni.

Mati, au chekimeti kama vijana wanavyoita, ni mfalme kushambuliwa akawa hana njia: hana mraba salama wa kukimbilia, hana wa kumkinga, na anayemshambulia haliki. Mchezo umekwisha hapo.

Kosa la kijana limetoka kwenye drafti. Huko kete ikifika mwisho inavikwa ukingi, na kingi analiwa kama kifuniko kingine chochote cha soda. Kwenye sataranji huliwa wote, kuanzia askari hadi malkia, isipokuwa mfalme. Kanuni za FIDE, shirikisho la dunia lililoundwa Paris mwaka 1924, zinakataza kumla mfalme tangu kifungu cha kwanza.

Kosa la mzee lina mizizi mirefu zaidi, na ndilo linalonigusa. Sikio la Mswahili likisikia mati linakimbilia mauti na maiti, maneno tuliyoyapata kwa Waarabu. Lakini mati si Kiarabu. Mchezo ulianzia India ukiitwa chaturanga, yaani viungo vinne vya jeshi: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Waajemi wakauita chatrang. Waarabu, ambao Kiarabu chao fasaha hakina sauti ya ch, wakasema shatranj, na sisi tukapata sataranji. Msemo wa shah mat ni wa Waajemi. Shah ni mfalme, na neno hilo tunalo: shaha ni cheo tunachompa mshairi aliyewapita wenzake. Mat ni aliyekwama, aliyeduwaa, asiyejua ashike lipi. Hadi leo Mwajemi akipigwa na butwaa husemwa amekuwa mat. Waarabu walipoupokea mchezo, masikio yao yakasikia mata, "amekufa", na tafsiri hiyo ikasafiri mbali. Mzee wetu basi amekosea pamoja na watu wengi wa kale. Msemo wenyewe ulienda mbali vilevile: Wajerumani wanasema Schachmatt, na Warusi wameufanya kuwa jina la mchezo mzima, shakhmaty.

Anayetaka kuona kwamba mfalme hafi, apange hivi (herufi ni safu ya ubao, a hadi h kutoka kushoto kwa mweupe, na namba ni mstari, 1 hadi 8 kutoka upande wake). Mfalme mweusi yuko pembeni kabisa, h8, na mbele yake askari wake wawili, g7 na h7. Ngome yake iko f8. Farasi mweupe yuko h6, na malkia mweupe anaweza kufika g8. Mweupe anampeleka malkia g8, ubavuni mwa mfalme. Mfalme hawezi kumla kwa sababu farasi anamlinda, kwa hiyo ngome inalazimika kumla. Sasa farasi anarukia f7 na kumshambulia mfalme. Angalia ubao: mfalme amezungukwa na watu wake mwenyewe, hakuna adui aliyemgusa, na hana pumzi. Wengi huuita huu mtego wa Philidor, mchezaji Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1726, ingawa Mhispania Lucena alishauweka kitabuni mwaka 1497. Hiyo ndiyo mat ya Waajemi, mtu aliyekwama nyumbani kwake.

Tofauti hii inaleta ugomvi wa kweli kijiweni. Mfalme akiwa hajashambuliwa, lakini zamu ni yake na hakuna kete yake yoyote inayoweza kwenda popote kihalali, mchezo ni sare. Aliyezoea kula hukasirika: "Hana pa kwenda, zamu yangu ikifika namla!" Hiyo zamu haifiki. Mati inataka vyote viwili, kushambuliwa na kukosa njia. Watu wa zamani nao walihangaika na jambo hili. Kwenye shatranj aliyemfungia mwenzake namna hiyo alihesabiwa mshindi, na Uingereza, hadi mwanzoni mwa karne ya 19, huyohuyo alihesabiwa ameshindwa.

Basi ndugu zangu wa kijiweni, na wewe mzee wangu, shikamoo: ukimbana mwenzako usimnyanyue mfalme wake. Sema "shaha mati", au sema "umekwama", umpe mkono, na mfalme umwache pale pale aliposimama.