Pedi ya mtumba inayokwenda yenyewe: si vumbi

Mombasa nzima dawa ni moja: pedi ya PS4 (rimoti ya kuchezea gemu) ikienda yenyewe bila kuguswa, puliza, tia spiriti. Vumbi lipo, lakini mara nyingi silo. Kila analogi, yaani kile kijiti cha kusukuma kwa kidole gumba, ina potenshiomita mbili, vipimo vya kujua kijiti kimeelekea wapi. Ndani, ulimi mdogo wa chuma husugua ukanda wa kaboni. Ukanda ukilika, spiriti haiurudishi. Pedi inatulia siku mbili, basi.

Kabla ya kulipia pedi ya mtumba, zungusha analogi, iachilie ghafla: irudi kati na itulie.

Kuibadilisha analogi, fungua skrubu 4 za nyuma, chomoa betri, yeyusha risasi ya kuchomelea kwenye miguu 14 ya analogi. Miguu iliyoshikana na bati pana la shaba hunyonya joto, hivyo ongeza risasi mpya kwanza. Ukivuta kwa nguvu, unang'oa njia za shaba.