"Nilimwonyesha, hakushika"

Mwenye hoteli mmoja hapa Malindi, niliyempelekea kijana mwenye ulemavu wa akili afanye kazi kwake, amenipigia simu juzi. "Mwalimu, yule kijana wako nimemfundisha kukunja taulo, hakushika." Nikamuuliza amemfundisha vipi. "Si nilimwonyesha!" Mara ngapi? Kimya. Ni mtu wa tatu mwezi huu kuniambia hivyo, na nimechoka kujibu kwa adabu.

Mtu mwenye ulemavu wa akili hujifunza. Anachukua muda zaidi, na maneno matupu hayamsaidii. Msimamizi akisimama mlangoni akamwaga maagizo kwa pumzi moja, chukua zilizokauka, kunja, za vyumbani juu, za bwawani chini, ukimaliza njoo jikoni, hata mimi nitabaki na la jikoni tu.

Nikifundisha taulo, naigawa kazi hatua sita: tandaza mezani, linganisha pembe, kunja katikati, kunja tena, geuza mshono ndani, weka rafuni. Kisha naanzia mwisho. Watu hunicheka hapo. Hatua tano nazifanya mimi, yeye anaweka rafuni, na kila taulo inakuwa ameimaliza yeye. Akiizoea hiyo, anashika mbili za mwisho, halafu tatu. Mwanzoni naweza kumwongoza mkono, baadaye natumia kidole tu, baadaye natazama tu, kisha naondoka. Kuondoka ndiko kunakotushinda wengi. Ukiganda pale anazoea kukusoma usoni kama amepatia, badala ya kuitazama taulo. Na bandika picha za hizo hatua ukutani. Simu yako si ina kamera?

Anayedhani haya ni ya kazi nyepesi tu, ajue kwamba huko Marekani miaka ya 1970 mtafiti Marc Gold aliwafundisha watu walioandikwa kuwa hawafundishiki kuunganisha breki ya baiskeli yenye vipande 15. Mpe fundi wa baiskeli anayeanza kazi vipande hivyo umwonyeshe mara moja, uone kama atashika.

Waajiri wana maneno mengine pia. "Huyo si mwendawazimu?" Hapana. Ulemavu wa akili huanza utotoni, nao si maradhi ya kutafutiwa dawa. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata yeyote, ukubwani pia, na hutibiwa. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, kama vile mtu mwenye kisukari anavyoweza kuvunjika mguu.

"Chakula na nauli zamtosha, pesa hazijui." Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa ulemavu wake na inataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Taulo mia ni taulo mia. Kama noti hazijui, mfundishe noti. Unajua tayari pa kuanzia.

"Wageni watakimbia." Malalamiko ya wageni ninayoyasikia ni ya mbu na umeme.

La wazazi ni gumu zaidi: "Watamwonea mwanangu." Siwezi kumwambia mama kwamba hilo ni uongo, maana wapo wanaoonewa, wakatumwa sigara na kubebeshwa kazi za wenzao. Lakini ndani alikofungiwa miaka yote nako hakujampa hata rafiki mmoja. Ndiyo maana kabla ya kuzungumza mshahara na mwajiri, namuuliza kwanza: saa nne atakunywa chai na nani? Simtaki msimamizi. Namtaka mfanyakazi mwenzake, mtu mzima mwenye subira, aliyekubali mwenyewe. Pasipo mtu huyo simpeleki kijana, hata hoteli iwe na nyota ngapi.

Yule bwana wa taulo nimemwambia nitafika Jumatatu saa mbili, kabla mashine za dobi hazijaanza kelele, na kwamba yeye asimame kando asiseme neno. Akauliza ni kwa muda gani. Nimemwambia atenge wiki mbili.