Kampuni ya gesi haifilisiki kwa kukosa gesi: dhana potofu kuhusu Chesapeake Energy

Tangu Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, lianze kutafuta mafuta katika bonde la Eyasi Wembere, ambalo sehemu yake imo mkoani Arusha, mazungumzo katika vikundi vya kuweka na kukopa hapa Moshi yamebadilika. Watu waliozoea kuulizana bei ya kahawa na mahindi sasa wanaulizana kama ni busara kuweka akiba katika hisa za kampuni za mafuta na gesi, na majibu wanayopeana, kwa nia njema kabisa, mara nyingi si sahihi. Nimeyapima majibu hayo kwa historia ya kampuni moja ya Marekani, Chesapeake Energy, kwa kuwa kupanda na kuanguka kwake kunagusa karibu kila kosa ninalolisikia.

Dhana: Kampuni ya gesi huanguka gesi inapokwisha.

Chesapeake ilianzishwa mwaka 1989 huko Oklahoma na Aubrey McClendon na Tom Ward, ikakua hadi kuwa mzalishaji wa pili wa gesi asilia nchini Marekani, nyuma ya ExxonMobil. Kilichoiumiza ni wingi wa gesi. Mbinu ya kukilaza kisima ndani ya mwamba, kisha kuupasua mwamba huo kwa maji, mchanga na kemikali zinazosukumwa kwa shinikizo kubwa, ilifungua akiba ambazo zamani hazikufikika, na kampuni nyingi zikazikimbilia kwa wakati mmoja. Bei iliyopita dola 13 kwa kila BTU milioni 1, kipimo kinachotumika kuuzia gesi, katikati ya mwaka 2008, ilikuwa imeshuka chini ya dola 2 kufikia Aprili 2012. Mkulima wa Kibosho aliyewahi kuona bei ya mnada ikianguka katika mwaka ambao mibuni yake imezaa kuliko miaka yote anaelewa jambo hili bila kufundishwa.

Dhana: Bei ikishuka, kampuni hupumzika na kungoja.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yote, na ndipo watu wanapopapita haraka. Nchini Marekani mwenye shamba mara nyingi humiliki pia gesi iliyo chini yake, tofauti na Tanzania, ambako mafuta na gesi ni mali ya taifa. Chesapeake ilikodi haki za kuchimba katika mamilioni ya ekari, kwa mikataba ambayo mingi ilidumu miaka michache tu. Muda ukiisha kabla ya kisima kuchimbwa, haki hurudi kwa mwenye shamba na fedha iliyolipwa imekwenda. Kwa hiyo kampuni iliendelea kuchimba ili kuilinda mikataba yake, kwa fedha za mkopo, ikimimina gesi katika soko lililokwisha kufurika. Aidha, visima vya aina hii hutoa gesi nyingi mwanzoni, kisha hupungua kwa kasi, hivyo kuacha kuchimba kungeyaporomosha mapato huku riba ikidaiwa vilevile. Kwa maoni yangu, anayetaka kununua hisa za kampuni ya gesi aanze kwa kusoma madeni yake, kisha ndipo aulize ina visima vingapi.

Dhana: Mwanzilishi akinunua hisa nyingi za kampuni yake, hisa hizo ni salama.

McClendon alizinunua kwa wingi, tena kwa fedha za kukopa, akiziweka hisa zenyewe kuwa dhamana. Bei ya hisa ilipoporomoka mwezi Oktoba 2008, alilazimika kuuza karibu zote, zaidi ya milioni 30, ili kuwalipa waliomkopesha. Imani yake ilikuwa ya kweli, lakini haikumlinda yeye, sembuse mwekezaji mdogo aliyemfuata. Aliondoka katika uongozi mwaka 2013.

Dhana: Ni korona iliyoiua.

Korona ilisukuma ukuta uliokwisha kuinama. Mnamo Novemba 2019, kabla ugonjwa huo haujajulikana duniani, kampuni yenyewe ilitangaza kwamba huenda isiweze kuendelea na shughuli zake iwapo bei zingebaki chini.

Dhana: Kampuni ikifilisika, imekufa.

Chesapeake iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake tarehe 28 Juni 2020, ikiwa na deni la takriban dola bilioni 9. Visima havikufungwa. Deni la takriban dola bilioni 7 liliondolewa, na wengi wa wadai wakapewa hisa mpya badala ya fedha zao. Kampuni ikatoka mahakamani Februari 2021, na mwaka 2024 ikaungana na Southwestern Energy na kuitwa Expand Energy, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa gesi asilia nchini Marekani. Hisa za zamani, zikiwemo za wastaafu na watu wa kipato cha kawaida waliozishikilia hadi mwisho, zilifutwa. Gesi inaendelea kutoka katika visima ambavyo fedha zao zilisaidia kuchimba, na wao hawana sehemu ndani yake.