Simu ikikushtua, hilo si onyesho la pembeni

Vijana wa simu pale Birere, Goma, wakikuonyesha kioo kinachowaka kingo kila ujumbe ukiingia, watakuambia hilo ndilo onyesho la pembeni. Hapana. Hiyo ni notifikasio iliyopakwa rangi.

Onyesho la pembeni huonyesha hali ya jambo mfululizo bila kukuita. Likihusu mawasiliano yako, huchora mazoea: nani mnaongea sana, nani mmeachana kimyakimya, siku zipi simu haipumui. Maana yenyewe ni hiyo.

Kinachochosha ni watu kuchanganya. Notifikasio huleta habari ya tukio moja: mama mkwe amepiga, umemkosa. Inadai jibu sasa hivi. Onyesho la pembeni halijui kudai. Mtu wa Goma hahitaji darasa refu hapa. Kabla ya mlipuko wa 22 Mei 2021, ziwa la lava la volkano ya Nyiragongo lilikuwa likipaka anga wekundu usiku. Hakuna aliyeacha sombe jikoni kwenda kulikodolea macho. Ukitoka kufunga mlango unatupa jicho, unaona leo wekundu umezidi au umefifia, unaendelea na yako. King'ora ni jambo jingine kabisa.

Wenye fani walilijua hilo zamani. Pale Xerox PARC, maabara ya utafiti huko California, msanii Natalie Jeremijenko alitundika darini uzi wa plastiki wa futi 8 hivi, ukining'inia kwenye mota ndogo iliyounganishwa na waya wa mtandao wa kompyuta. Data ikipita kidogo, uzi unatikisika kidogo. Ikijaa, unazunguka kama umepandwa na mashetani, na mvumo juu. Watafiti wa hapo, Mark Weiser na John Seely Brown, waliueleza mwaka 1995, wakisifu namna ulivyokaa pembeni ya mawazo ya mtu bila kumsumbua. Halafu 2014 ikaja Android 5.0 kwenye simu ya Nexus 6, na kitu walichokipa jina Ambient Display, yaani onyesho la pembeni kwa Kiingereza, ambacho kazi yake ni kuwasha kioo notifikasio ikifika. Mimi naona fujo ilinoga hapo.

Na lile jedwali la saa ulizokaa kwenye simu? Nalo silo. Jedwali unalifuata mwenyewe, unalifungua, unasoma tarakimu, unajuta. Onyesho la pembeni la simu linakaa kwenye picha ya nyuma ya kioo (wallpaper). Android imeruhusu picha hizo zicheze na kubadilika zenyewe tangu toleo la 2.1, mwaka 2010. Tuseme kila ndugu ni duara: la uliyeongea naye jana limenenepa, la shangazi wa Bukavu ambaye hujampigia tangu Pasaka limebaki nukta huko chini. Hakuna jina wala namba, na hilo si dogo, maana kwenye taksi-basi jirani yako husoma simu yako kuliko wewe. (Ila ukichora kwa kutumia orodha ya simu peke yake, bila WhatsApp, nusu ya ukoo itaonekana imekufa.)

Kwa hiyo, kijana wangu wa Birere, hiyo taa yako inayozunguka kioo ni nzuri, niwekee tu, nitalipa. Ila kwenye kibao iandike taa ya notifikasio.