Si kila mkomunisti wa Romania alipigana msituni

Wengi huamini kwamba wapiganaji wa kikomunisti wa Romania waliishi msituni na bunduki, kisha wakauangusha peke yao utawala wa kijeshi wa Ion Antonescu tarehe 23 Agosti 1944.

Chama chao kilipigwa marufuku mwaka 1924, na hadi 1944 wanachama walikadiriwa kuwa takriban 1,000 tu. Wengi walikuwa gerezani au katika kambi ya wafungwa wa kisiasa ya Târgu Jiu. Waliobaki huru walichapisha vipeperushi kwa siri na kuhujumu reli na viwanda, na waliokamatwa wangeweza kupigwa risasi. Ujasiri haukukosekana, idadi ndiyo iliyokuwa ndogo. Mapinduzi yenyewe yaliongozwa na mfalme na maofisa wa jeshi, pamoja na vyama kadhaa. Wakomunisti walitoa walinzi wa kumshikilia Antonescu baada ya kukamatwa.

Ukisoma wasifu wa mpiganaji, tazama kwanza mwaka wa kuchapishwa: vitabu vya kabla ya 1989, wakomunisti walipokuwa madarakani, vilipitia udhibiti wa serikali. Kisha linganisha tarehe ya kukamatwa na ya tukio analosifiwa. Aliyekuwa kifungoni hakulipua treni. Ukikuta mapigano milimani baada ya 1948, wapiganaji hao kwa kawaida ni wapinzani wa wakomunisti.