Kwa nini kondoo wenye mikunjo walimtia hasara tajiri wa sufi Australia?

Ngozi ikiwa na mikunjo, sufi hupata mahali pengi zaidi pa kuota. Hesabu hiyo ndiyo iliyomvutia Samuel McCaughey, mzaliwa wa Ireland aliyefika Australia mwaka 1856 na baadaye kumiliki mashamba kadhaa makubwa ya kondoo. Miaka ya 1880 aliagiza madume ya merino, kondoo wa sufi laini, kutoka jimbo la Vermont, Marekani, akawapandisha na kondoo wa shamba lake la Coonong, New South Wales. Shingo za madume hao zilikuwa mikunjo mitupu, na mingine ilizunguka mapaja na mkia.

Mwanzoni mizani ilimpa moyo. Kumbe sehemu kubwa ya uzito ule ilikuwa mafuta ya ngozi, ambayo huishia kwenye maji ya kuoshea. Kosa lilikuwa hapo: kusifu sufi kabla haijaoshwa. Mnyoaji naye alitaabika, maana alilazimika kuivuta ngozi kwa mkono wa pili mpaka inyooke. Akiharakisha, mkasi unakata nyama. Mashine haikuondoa tatizo hilo, na McCaughey alizijua mashine: mwaka 1888 shamba lake la Dunlop, kando ya Mto Darling, lilikuwa la kwanza kunyoa kondoo wake wote kwa mashine.

Balaa kubwa lilikuwa nzi. Jasho na mkojo hukwama ndani ya mikunjo, hasa chini ya mkia, na hewa haipiti. Nzi hutaga hapo, na mayai huweza kuanguliwa ndani ya siku moja. Funza hula ngozi ya mnyama angali hai. Kondoo hupiga miguu chini, hujigeuza kujing'ata, huacha malisho. Asiponyolewa sehemu hiyo na kutiwa dawa mapema, hufa. Ukataji wa ngozi ya matakoni kwa wanakondoo, unaopingwa na watetezi wa wanyama hadi leo, ulibuniwa kupambana na mikunjo hiyohiyo.

McCaughey hakufilisika. Mwaka 1899 aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria la New South Wales (wajumbe wake hawakupigiwa kura), akabaki humo hadi alipofariki mwaka 1919. Mwaka 1900 alinunua shamba la North Yanco, akachimba mifereji ya takriban kilomita 320 kumwagilia malisho kwa maji ya Mto Murrumbidgee. Serikali ilipoona maji yanafika, ikaanza kujenga bwawa la Burrinjuck mwaka 1907.